Ndoo ya Kaboni

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ameendesha pampu mgodini miaka kumi na mmoja. Mimi nina duka la mipira na viungio vya mabomba mkabala na geti, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko dada yake anavyoyajua.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Mawe yaliyosagwa yamelundikwa kama kilima juu ya plastiki nene. Yeye huyapandisha maji yenye dawa kali hadi kileleni, yadondoke tone tone, yapenye, yatokee chini yamebeba dhahabu isiyoonekana kwa macho. Yakipita kwenye matangi, chembe nyeusi za kaboni huinasa ile dhahabu, na maji matupu hurudi kwenye bwawa lake yapandishwe tena. Shemeji huijua afya ya pampu kwa kuegemeza bisibisi kwenye pampu na kutega sikio mpinini. Akikwambia beringi imechoka, nunua beringi, usibishane.

Lakini dhahabu yenyewe hakuwahi kuishika. Mshikaji ni Bwana Harusi.

Jina hilo shemeji ndiye aliyempachika, maana ovaroli ya yule bwana haichafuki. Alikuja hajui hata kukaza nati, shemeji akamfundisha. Leo anasimamia matangi na chumba cha kuyeyushia. Siku ya kuyeyusha, meneja humpa mkono yeye. Shemeji husimama nje ya uzio na grisi yake.

"Anapewa mkono kwa maji niliyopandisha mimi," aliniambia siku moja, akizigeuzageuza gasketi zangu za kuzibia viungio kana kwamba zimemtukana. "Mpishi analala njaa, mpakuaji anashiba."

"Ila anakuheshimu. Kila asubuhi shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu."

"Hilo ndilo linaniua."

Asubuhi moja akafungua chujio la pampu yake, akakuta chembe nyeusi. Maana yake ilikuwa moja tu: wavu unaozuia kaboni kwenye tangi la mwisho umetoboka, na kaboni yenye dhahabu inakimbilia bwawani. Mtu wa pampu husema saa ileile. Yeye alivaa glavu, akazichota zote ndooni, akafunga chujio kimya. Kesho yake akachota tena.

"Siku ya kuyeyusha, dhahabu itapungua," akaninong'oneza. "Wamuulize. Akishakosa jibu, naingia na ndoo yangu. Kiti kile ni changu."

"Shemeji, habari ni nyanya. Ukiificha ipande bei, utauza maji. Kaseme leo."

"Wewe jua mipira yako."

Nikajua mipira yangu. Sikwenda kusema kwa niaba yake. Siuzi mali isiyo yangu. Naye alitaka ndoo ijae, ili aibu iwe nzito.

Siku ilipofika nilikuwa pale nikishusha mzigo. Kipande cha dhahabu kilichotoka kilikuwa kidogo hata mlinzi akaguna. Meneja alimkodolea macho Bwana Harusi, ambaye kwa mara ya kwanza ovaroli yake ilikuwa imelowa jasho.

"Sielewi, bosi. Vipimo vya maji yanayoingia ni vilevile."

Shemeji akaja, akaitua ndoo chini kwa kishindo. "Dhahabu yenu hii hapa. Wavu wake umetoboka, nami nimeikuta kwenye pampu yangu."

Bwana Harusi akainamisha kichwa. Shemeji alionekana ameongezeka urefu.

Meneja akachuchumaa, akavaa glavu, akazamisha mkono hadi chini kabisa. Chembe za juu zilikuwa mbichi. Za chini zilikuwa zimekauka na kushika chumvi nyeupe.

"Ndoo nzima haijai kwa siku moja. Umeanza lini kuokota?"

Kuongopa shemeji hajui. Ndiyo maana hakufungua duka. "Wiki ya tatu sasa."

"Wavu kutoboka ni uzembe wa huyu," meneja akasema. "Wiki tatu za kunyamaza ni zako. Rudi kwenye pampu, na habari ya chumba hiki usiniulize tena."

Wavu ukabadilishwa. Kaboni ya ndooni ikaunganishwa na ya matangini, na safari iliyofuata kipande kikatoka kikubwa kuliko vyote vya mwaka ule. Meneja akampa mkono Bwana Harusi, tena mikono miwili.

Jioni hiyo shemeji alikuja kununua gasketi.

"Umekiona? Robo yake ni ndoo yangu."

"Nimekiona."

Mlangoni akapita Bwana Harusi, safi kama kawaida yake. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," shemeji akajibu, akiiuma kama msumari. Kisha akanigeukia mimi, akaniomba nimpunguzie bei. Nilikataa.