Mishipa ya Mama

Popote ninapolala safarini, nikisikia harufu ya siagi ya ng'ombe, naiona miguu ya mama, na mishipa imejisokota kama kamba chini ya ngozi. Kwetu, mguu uliovimba ulipakwa siagi kisha ukachanjwa, damu chafu itoke. Shangazi alipochukua wembe, mama alinishika mkono tukaondoka asubuhi ile, bila kujua tuendako.

Nilitembea nyuma yake nikiichunguza ile mishipa, nikiogopa itapasuka.

“Mama, inauma?”

“Iko nzito tu. Tembea.”

Tulipofika kijiji cha Kashebere, muuza ndizi mmoja alitukaribisha kwake. Naye alikuwa na mishipa kama ile, na mama akamsimulia habari za wembe wa shangazi.

“Wembe? Dada, wewe uko mbuzi ya Noeli? Ungeisha damu! Docta aliniambiaka: ukipumuzika, miguu juu. Asubuhi, ukingali umelala, mbele ya kushuka kitanda, funga bande, kile kitambaa cha kukaza mguu, kuanzia kwa vidole.”

“Na itapona?” mama akauliza.

“Haiponi. Unaichunga tu, kama ng'ombe.”

Akainua miguu ya mama juu ya gunia la maharagi. Mama akasinzia. Mimi nilikaa nimeshika kifundo chake, nikingoja uvimbe ushuke, nikiogopa hata kufumba macho.