Mizani ya Alizeti na Klasi za Lugha Nyingine

Siku ile bado naiona, mwanangu, ingawa macho yangu yamechoka kwa mengine mengi. Serikali ilikuwa imewafungulia watu binafsi biashara, mashine za kukamua alizeti zikachipuka Singida mjini kama uyoga. Mimi na Petro, rafiki yangu tangu shule, tuliandika programu za kompyuta kwenye kiwanda kimoja cha mafuta.

Tajiri mwenye kiwanda akaleta mizani ya umeme ya kupimia magunia, inayosomwa na kompyuta. Ilikuja na maktaba ya klasi, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, kila kimoja na kazi yake. Shida ni kwamba viliandikwa kwa C++, lugha moja ya kompyuta, nasi tulikuwa watu wa lugha nyingine, Pascal.

"Nitaviandika vyote upya kwa lugha yetu," Petro alisema. "Nguo ya kuazima haisitiri."

Akajifungia na kazi hiyo hata akakonda. Wakulima wa Mungaa walifika na magunia, tukawarudisha kwa kuwa mizani ilikuwa bado haisomi, wakaangukia mikononi mwa walanguzi. Nikamwambia twende kwa Mama Hadija, mwalimu aliyetufundisha kompyuta. Alikataa. Nikaenda peke yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nikamweleza shida yetu. "Mbona mnabomoa nyumba iliyosimama ili mjenge ileile?"

Akanionyesha jinsi ya kuweka mkalimani: kipande chembamba cha programu kinachopokea maneno ya Pascal na kuyafikisha upande wa pili. "Ila shika hili," akasema. "Kitu kilichoumbwa upande wao kifutwe upande wao. Ukikifuta wewe, kompyuta itaganda. Ukifika kwa wenye chongo, fumba lako jicho."

Nikafanya hivyo, mizani ikasoma. Wakulima wakapiga vigelegele. Petro akachukua koti lake.

"Kumbe hukuniamini," akaniambia, akatoka. Kompyuta hakuzigusa tena. Miaka mingi baadaye nilimkuta mjini Shelui, akiwa dereva wa lori. Tulikunywa chai, tukaongea habari za mvua. Ya mizani hakuyataja, nami sikuwa na nguvu ya kuyaanzisha.

Mwanangu, kazi hii sasa ni yako. Usione haya kutumia klasi za lugha nyingine. Aliyeziandika alihangaika ili wewe upumzike. Soma masharti yake kwanza, weka mkalimani katikati, na kilicho chake mwachie akifute mwenyewe. Kiburi kikikujia kwa sura ya bidii, kitambue mapema, kwani mimi nilimpoteza ndugu hivyo.

Mola akupe akili tulivu, na mwenzako wa kazi msikilizane mpaka uzeeni.