Mlango wa Mashine ya Kukaushia

Masika ile nilikuwa dobi katika hospitali ndogo ya misheni, kusini mwa Kisarawe. Mvua haikutupa hata asubuhi moja ya kuanika. Mashuka ya wodi ya wazazi yalilundikana mabichi, yakaanza kunuka uvundo. Tegemeo letu lilikuwa mashine ya kukaushia ambayo Sista, mkuu wa wauguzi, aliletewa kutoka kwao Ulaya. Siku moja nikabonyeza swichi, kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Mzee aliyeendesha jenereta akaja, akaipiga kofi ubavuni.

"Imekufa hiyo, mwanangu. Tusubiri fundi kutoka Dar es Salaam."

"Atapita wapi, baba? Barabara ya Maneromango imekatika."

Umeme sikuusomea, lakini wazazi walikuwa wakilalia khanga zao wenyewe, na hilo sikuweza kulivumilia. Nikaazima taa ya mezani ya Sista, nikaichomeka palepale ilipochomekwa mashine. Ikawaka. Basi umeme unafika. Ugonjwa umo mwilini mwa mashine. Plagi ikiwa nje, nikaupapasa waya wote kwa vidole, nikitafuta palipotafunwa na panya. Mzima. Mzee akafungua plagi kwa kisu. Nayo haikuwa na kasoro.

"Nilikwambia," akasema.

"Bado mlango."

Nilikumbuka kwamba kila nilipoufunga ulilia tik. Sasa haulii. Nikapiga magoti, nikaona kwenye fremu kitufe kidogo ambacho mlango ulipaswa kukibonyeza ndipo mashine iwake. Bawaba zilikuwa zimelegea, mlango haukifikii. Nikaona haya, maana ni mimi niliyekuwa nikiuegemezea mashuka yaliyojaa maji. Nikaenda kumwambia Sista hivyohivyo, bila kuficha. Akatoa bisibisi kwenye kisanduku cha cherehani yake.

"Kaza," akasema.

Skrubu moja ilikuwa imeliwa na kutu. Iliteleza, ikanichuna kidole, nikakifunga kitambaa nikaendelea. Nilipozikaza zote nikafunga mlango. Tik. Mzee akachomeka plagi, nami nikabonyeza swichi. Mashine ikanguruma hata mzee akarudi nyuma hatua mbili, kisha akacheka.

Jioni alijifungua mama mmoja kutoka Marui. Nilipompelekea shuka aliliweka shavuni kwanza, akafumba macho.

"Dada," akaniuliza, "kwani jua limetoka?"

Nikamwambia bado.