Nimepanga mwenyewe tofali za chumba cha mama mkwe: vifaa nilivyotumia na kile kilichotaka kuniaibisha

Wakuu, habari za saa hizi. Nina furaha hadi nashindwa kukaa. Ninachoandika ni kweli tupu, ukuta upo hapa Iringo umesimama.

Wife kajifungua, na mama yake anakuja kutoka Bunda kumhudumia mzazi. Sasa kwa mila zetu, mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe wa kiume. Asipokuta chumba cha nje, anageuza na gari alilokuja nalo.

Na fundi kaniachia msingi mtupu, kakimbilia dhahabu Buhemba!

Nikasema, kwani tofali si kupanga tu?

Mwiko, beleshi, karai na ndoo nilikuwa navyo. Pima maji nikaazima kwa jirani. Timazi nilikosa, nikafunga kipande cha risasi ya kuzamishia nyavu kwenye uzi. Kikining'inia, naona kama ukuta uko wima. Wakuu, kinafanya kazi balaa!

Kichwa kikavimba. Kamba ya ujenzi ya kunyooshea mistari nikaona ya nini wakati mshipi wa kuvulia sangara upo ndani? Hapo ndipo nilipokoroga.

Mshipi unavutika, jamani. Asubuhi niliukaza vizuri, jua lilipowaka ukalegea, na mimi naufuata tu.

Wife akatoka na mtoto kifuani, akafumba jicho moja.

"Baba Neema, huu ukuta mbona una kitambi? Mama ataingia humu kweli?"

Nilitamani kulia. Nikabomoa mistari ya juu ya tofali kabla saruji haijashika, nikapanda boda kufuata kamba yenyewe. Nikaanza na kona, nikavuta kamba kona hadi kona, pima maji kila tofali. Mstari ukanyooka!

Jana mama kafika, bati liko juu. Hakunisogelea, ndiyo heshima yetu. Akapitisha kiganja ukutani, akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie Baba Neema, wakwe zangu wengine wananitafutiaga pa kulala kwa majirani. Huyu kanijengea. Silali kwingine mpaka mtoto atambae."

Mpaka atambae, wakuu!

Nilichojifunza: pima maji azima, timazi buni, ila kamba nunua. Nyie mmewahi kujengea nini mkikosa vifaa? Mwageni hapa, nitasoma nikipumzika, maana mama ameshamuuliza wife plasta inapigwa lini.