Kanda Iliyokaa Juu ya Kabati

Mwezi uliopita, hapa Maskati, tulihama fleti yetu ya Al Khuwair kwenda nyumba mpya ya Bawshar. Kama umewahi kuhama, rafiki yangu, unajua kwamba vitu vizito havichoshi kama vile vyepesi. Friji lilibebwa na wanaume wawili, likatoka. Mimi nilishindwa na kifurushi cha kitambaa cha kijani, kilichokuwa juu ya kabati la marehemu bibi pamoja na misahafu. Ndani yake mlikuwa na kanda ya kaseti. Nilijua ni kanda gani kabla sijakifungua.

Wakati ule nilikuwa na miaka minane, na Alkhamisi bado ilikuwa siku ya mapumziko Maskati. Baada ya sala ya alasiri nyumba yetu ilinukia ufuta, kwa sababu bibi alikuwa akichoma mkate wa ufuta kwa ajili ya bendi. Nasema bendi, lakini walikuwa watu watatu na magitaa matatu, hawana ngoma wala mwimbaji: baba, ami yangu ambaye ni mdogo wa baba, na jirani wa ghorofa ya juu. Jirani alikuwa mtu wa wizarani, mpole kazini, mtundu kwetu. Kila akifika alivua kofia yake na kuivisha kichwa cha gitaa la baba.

"Leo hili ndilo litakuwa imamu," akisema, na baba huitupa kofia juu ya makochi.

Muziki wao ulitoka mbali. Ami alikuwa akifanya kazi kwenye kambi ya mafuta jangwani, na huko alikutana na fundi wa Kimarekani, mzaliwa wa majimbo ya kusini. Fundi yule alimpa kanda za bendi moja ya kwao, akamfundisha na kupiga. Basi ami akituhadithia habari za bendi ile kama watu wengine wanavyohadithia habari za ukoo. Jinsi wale vijana walivyoanza wakiwa hawana hata mahali pa kufanyia mazoezi, wakapata banda la bati kando ya kinamasi. Jinsi joto lilivyokuwa kali mle ndani hata nyuzi zikawa zinachoma vidole. Wakapiga kila siku, asubuhi mpaka jua linazama, hadi kila mmoja akajua mwenzake anataka kwenda wapi kabla hajaenda.

"Watu wakawacheka," ami akisema. "Magitaa matatu ya nini? Mwambieni mmoja ashike ngoma! Hakuna aliyekubali."

"Kama siye," jirani akidakia. "Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanajua kupiga."

Jirani alikuwa akikwaruza nyuzi zote kwa pamoja, mfululizo, kama gari linalopanda mlima bila kubadilisha gia. Juu ya mkwaruzo huo ndipo baba na ami walipotembea. Ami alikuwa na namna mbili za kupiga. Ya kwanza alivaa kichupa cha kioo kwenye kidole na kukiteleza juu ya nyuzi, gitaa likalia kama mtu anayejizuia kulia. Kile alichopewa na fundi kilivunjika, akamwomba bibi kichupa chake kinene kilichokwisha mafuta ya udi. Tangu siku hiyo gitaa la ami likanukia kama mtu aliyetoka harusini.

Ya pili ndiyo niliyoipenda mimi. Baba alianza tuni kwa sauti ya chini, kisha ami akaipiga tuni hiyo hiyo kwa sauti ya juu, wakaenda sawa, noti kwa noti, kama ndugu wawili wanaopanda ngazi, mmoja akiwa daraja chache mbele ya mwenzake. Hata ukisikiliza vizuri huwezi kujua nani ni nani. Ami alidai kwamba hivyo ndivyo wale vijana wa bandani walivyopata umaarufu. Mara zote alimlaumu baba kwa kuchelewa kuingia, na mara zote baba alimlaumu yeye kwa haraka zake. Bibi akipiga kelele kutoka jikoni, "Nyie, adhana!" wote hunyamaza, mikono juu ya nyuzi, mpaka muadhini amalize.

Alkhamisi moja walirikodi. Waliiweka redio kaseti juu ya kiti katikati ya majlisi, sebule yetu, na kwa mara moja tu, walisema wenyewe, tuni ilitoka kama ilivyotakiwa. Ami akaitoa kanda, akachukua kisu cha mkate na kuving'oa vile vijino viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wake.

"Khalas," aliniambia. "Sasa hakuna atakayerikodi juu yake. Mashine yenyewe itakataa."

Aliahidi kuwatolea wenzake nakala wiki itakayofuata. Wiki ile ilikuja, na nyingine, na kila mara akawa anasema wiki ijayo.

Sasa nikwambie nilichofanya. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alitaka kila mtoto arikodi sura alizohifadhi na kuzipeleka Jumamosi. Nilikumbuka Ijumaa mchana, maduka yamefungwa, watu wazima wamelala. Kwenye droo kulikuwa na kanda moja tu. Niliona vijino havipo. Nilijua maana yake. Lakini nilikuwa nimeshamwona ami mwenyewe akiihadaa mashine kwa kuyaziba matundu kwa karatasi, pale alipotaka kutumia tena kanda ya zamani. Nikatafuna kipande cha karatasi, nikakishindilia, nikabonyeza. Mashine haikukataa. Nikasoma kwa sauti nzuri kuliko siku zote, pande zote mbili.

Mwalimu alinisifu mbele ya wenzangu. Bibi alifurahi hata akatokwa na machozi, akaifunga kanda kwenye kitambaa cha kijani. "Kitu kilichosomewa Kurani hakiwekwi chini," alisema, akaipandisha juu ya kabati kwenye misahafu.

Miezi mitatu baadaye ami alipata ajali ya gari akirudi mjini kutoka Yiti, na hakufika nyumbani.

Matanga yalipokwisha baba aliitafuta ile kanda. Alitoa droo zote na kuzimwaga. Alipanda kwa jirani kuuliza. Alitafuta chini ya makochi, ndani ya gari, kwenye begi la ami lililorudishwa kutoka kambini. Hakutazama juu ya kabati, kwa nini atazame huko? Mimi nilikaa mlangoni nikimwangalia, na sikusema. Bendi haikukutana tena. Jirani alikuja kunywa kahawa mpaka aliporudi kwao Unguja, na kofia ilibaki kichwani kwake. Baba mara nyingine alichukua gitaa lake na kupiga sehemu yake, ile ya chini peke yake. Mgeni asingeweza kujua kwamba ni wimbo.

Nimekuwa mtu wa kuandika vitabu, nimeeleza siri za watu ambao hawakuwahi kuwepo, na hii yangu sikumwambia mtu miaka yote. Siku ya kuhama nikamwita baba, amekaa juu ya boksi katika majlisi tupu. Nikamwonyesha kanda.

"Nilirikodi juu yake, baba. Nilijua. Nisamehe."

Baba aliitafuta redio kaseti kwenye maboksi, akaichomeka, akabonyeza. Ikatoka sauti yangu ya utotoni, nyembamba, ikisoma. Na Kurani ikisomwa hakuna mtu wa nyumba yetu anayesema neno, basi tukakaa kimya nusu saa nzima, baba ameinamisha kichwa, mimi nikingoja. Sauti ikamaliza upande ule kwa sadakallahu. Kukasikika mlio mdogo wa kitufe, kisha mvumo.

Kisha noti moja, ya mwisho kabisa ya tuni, ikififia. Na sauti ya ami, karibu sana, inacheka: "Umechelewa tena, kaka!"

Kanda ikaishia hapo. Ndicho kilichobaki. Tuni yenyewe haipo tena mahali popote duniani isipokuwa kichwani mwangu, na mimi sijui kupiga gitaa.

"Sikuchelewa," baba alisema, akiitazama redio. "Wallahi sikuchelewa. Yeye ndiye aliyekuwa na haraka."

Aliitoa kanda, akavaa miwani. Kwa ukucha wa kidole gumba akaanza kuichokoa ile karatasi yangu matunduni, kipande kwa kipande, taratibu, mpaka yote mawili yakawa wazi. Akaifunga kwenye kitambaa cha kijani na kunikabidhi.

"Ipandishe na misahafu, mwanangu," alisema. "Huko huko ilikokuwa."