Ishbel na Zumari ya Plastiki

Kwa miaka ishirini na miwili, kila sikukuu ya Mtakatifu Andrea, Ishbel Geddes alitembea nyuma ya Wattie Imrie. Wattie, mstaafu wa posta na kiongozi wa bendi ya mji wa Balnacraig, alitangulia akipiga zumari ya mfuko. Ishbel, mpishi wa shule, alifuata na sinia la hagis likifuka moshi, tumbo la kondoo lililojazwa maini, moyo na oti, nao wanafunzi wakigonga meza mpaka vikombe vinaruka. Watu wote walidhani mpishi macho yake yako kwenye sinia. Wapi! Alikuwa anatazama vidole vya Wattie.

Alipofika miaka hamsini na minane, akiwa amebakiza sherehe mbili tu kabla ya kustaafu, uvumilivu ulimshinda. Alimwambia Senga, mwenzake wa jikoni, huku wakimenya viazi.

"Senga, safari hii nataka kutangulia mimi."

"Kutangulia wapi, shoga? Kaburini?"

"Mbele ya sinia. Na zumari begani. Hata mara moja tu, niage nayo."

Senga aliweka kisu chini. "Haya. Sinia nitabeba mimi. Lakini ukinitia aibu, hagis yote nakuvisha kichwani."

Jumamosi Ishbel alipanda basi hadi kwenye karakana ya fundi mmoja wa zumari huko Perth. Alimkuta anakereza mti mweusi tititi, vumbi lake limemjaa kwenye nyusi. Fundi alimpa kipande akishike, akashangaa uzito wake.

"Mpingo huo, mama. Umetoka Tanzania. Mti wenyewe unakua miaka sabini, kisha hapa nauacha ukauke miaka mingine kabla sijaugusa. Na pete za fedha nazinakshi mwenyewe, kwa mkono."

"Na bei?"

"Elfu mbili na mia sita. Pauni. Na foleni yangu ni miezi kumi na minane."

Ishbel akarudisha kile kipande kwa mikono miwili. Sisemi fundi yule ni mwizi. Aliyepika supu tangu alfajiri anajua kwa nini supu haiuzwi bei ya maji. Lakini mshahara wa mpishi wa shule tunaujua sote, na huyu alikuwa na paa la kuezeka.

Hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo nusu ya wapigaji wa nchi hii wamelifanya na hawalisemi. Badala ya kwenda kwa Wattie kuuliza, aliona haya, akaingia kwenye duka linalouza vitu vya watalii karibu na stesheni. Pale ukutani ilining'inia zumari nzima, mfuko wa mahameli mwekundu, nyuzi za dhahabu, pauni mia na thelathini! Aliikumbatia njia nzima. Jioni tatu aliipuliza hadi mashavu yakauma, na jambo pekee alilopata ni mbwa wa jirani kuhamia nyumba ya pili.

Alhamisi akajikaza, akaibeba hadi kwenye ukumbi wa kanisa bendi inakofanyia mazoezi. Wattie alimwomba apulize. Ilitoka sauti ambayo sitaki kuieleza.

"Mama mpishi," alisema Wattie kwa upole uliozidi, "nikuulize. Nyama ya kuwapikia watoto huwa unanunua duka la vinyago?"

Bendi ikaangua kicheko. Rahisi huvunja upishi, na mpishi mzima alikuwa amesahau.

"Hii ni ya kutundika sebuleni," Wattie aliendelea. "Tundu zimetobolewa ovyo, haiwezi kukaa kwenye sauti hata ikiombewa. Kila mwaka naletewa moja. Usijisikie vibaya."

Lakini alijisikia vibaya, uso umemwiva. "Basi ndiyo nimekwisha, Mzee Wattie. Mwakani ni sherehe yangu ya mwisho. Ya mpingo siiwezi, na ya rahisi hailii."

"Nani kakwambia mtu anaanza na zumari?" Wattie alichomoa mfukoni mwa koti filimbi ndefu nyembamba, haina mfuko wala madoido. "Mtu anaanza na hii. Dukani pauni sitini, lakini hii ni ya akiba, chukua. Karibu mwaka mzima mfuko hutaugusa. Ukiniletea wimbo mmoja usio na kovu, kabatini bendi ina zumari ya plastiki. Tunamwazima anayeanza, mpaka apate yake."

"Ya plastiki?"

"Ya plastiki. Haipasuki kwa baridi, haina fedha ya kuibiwa, na ukifumba macho hutajua tofauti. Mimi mwenyewe siku ya mvua napiga hiyo."

Novemba ile sikukuu ilipofika, Ishbel akatembea nyuma kama kawaida, ila sasa macho yake yalijua yanatafuta nini. Mazoezi aliyafanya kwenye stoo ya viazi, saa nne na nusu, watoto wakiwa uwanjani. Kila Alhamisi Wattie alimgonga vidole kwa penseli. "Vilale, mama mpishi! Vifunike tundu kwa tumbo la kidole. Usishike kama unabana chumvi!" Ilimpasa kusahau namna vidole vyake vilivyoshika kila kitu kwa miaka arobaini. Aliviona vinakataa, vinakataa, halafu asubuhi moja vikakubali vyenyewe.

"Shoga," Senga alilalamika kutoka kwenye sinki, "wimbo ule ule tangu Pasaka. Hata viazi vimeshauhifadhi."

Agosti akakabidhiwa zumari ya kabatini. Mirija mitatu inayovuma begani, Wattie aliziba miwili kwa vizibo ili pumzi imtoshe. Siku ya kwanza aliona nyota. Kupuliza huku, kukamua mfuko kwa kiwiko huku, vidole navyo vina safari yao. Lakini alicheka njia nzima kurudi nyumbani, peke yake, mtu mzima. Oktoba wakazibua mrija wa pili. Wa tatu ulibaki na kizibo chake, na hakuna aliyejali.

Sikukuu ikafika. Watoto mia mbili bwaloni, Wattie amekaa meza kuu mikono mitupu. Ishbel alisimama mlangoni, Senga nyuma yake na sinia. Akaujaza mfuko, akaupiga kwa kiganja, sauti zote zikashika pamoja, safi. Senga akasema, "Mungu wangu, kweli," na wakaingia.

Tatizo ni mwendo. Ishbel alitembea mwendo wa jikoni, mwendo wa mtu ambaye chungu kinafurika. Akaifikia meza kuu wimbo ukiwa nusu, na hakuwahi kujifunza kuukatisha mahali popote isipokuwa mwisho wake. Ikabidi ageuke, aendelee.

"Unakwenda wapi?" Senga alinong'ona kwa hasira. "Sinia zito hili!"

Ishbel atajibu na nini, mdomo umejaa? Akazunguka bwalo. Darasa la kwanza wakadhani ndiyo sherehe yenyewe, wakainuka wakafuata. La pili nao. Alipofika dirishani, nusu ya shule ilikuwa kwenye msururu nyuma ya hagis, wakikanyaga kwa mdundo, mwalimu mkuu akiwa katikati yao. Ishbel alitamani kucheka, lakini anayepuliza hawezi kucheka, akaishia kutoa machozi ya furaha huku anapiga. Wimbo ulikwisha hatua moja tu kutoka mezani.

Hagis haikatwi kabla mpigaji hajapewa kinywaji chake, ndiyo desturi, na miaka yote aliyekimimina ni mpishi. Kwa mazoea Ishbel akatua zumari kitini, akaiendea chupa.

Wattie alishainuka. Akamzuia kwa mkono, akamimina mwenyewe kwenye bilauri ndogo, akaileta mbele ya shule nzima na kuinamisha kichwa. Ishbel alishindwa kuipokea, machozi yamefika kidevuni. Huko nyuma vijiko vilianza kugongwa.

"Kunywa, mpigaji," alisema Wattie. "Watoto wana njaa."