Kipara, Nywele na Pazia la Dani

Mwezi uliopita nilirudi Asembo Bay kuifungua nyumba ya Dani, bibi aliyenilea. Jirani anayeitunza alikuwa amenitangulia, yuko chumba cha ndani anafagia. Mimi nikakaa sebuleni kwenye kiti cha baba, nikalitazama pazia linalotenga vyumba hivyo viwili. Limepauka, na panya wametafuna pindo. Nilipoliona tu nikakumbuka kengele ya mieleka, na machozi yakanilengalenga.

Rafiki, kama ulikuwa mtoto miaka ile ya themanini, basi unawakumbuka wale wanamieleka wawili wa Jumamosi jioni. Majina yao ya kizungu yalitushinda, tukawaita Kipara na Nywele. Kila mmoja aliapa kummaliza mwenzake, na miaka nenda miaka rudi hakuna aliyemaliza. Wiki hii Nywele anambeba mwenzake na kumtupa nje ya kamba. Wiki ijayo Kipara anamvizia na kiti cha chuma, refa akiwa ametazama kando. Sisi tuliamini kila ngumi. Baba alikuwa wa Kipara. Dani alikuwa wa Nywele, kufa na kupona.

Mama yangu alifariki kabla sijaanza shule, na baba, aliyefanya kazi kiwandani Kisumu, akaniacha kwa Dani, aliyemzaa mama. Televisheni ilikuwa ya baba, ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe. Yenyewe ilikaa kwetu, lakini betri aliondoka nayo kwenda kuichaji mjini, akarudi nayo Jumamosi, kwa hiyo katikati ya wiki ilikuwa sanduku tu lenye kitambaa juu. Nilikuwa mtoto pekee pale bomani. Nilichota maji ziwani, nikaanua dagaa wa omena mvua ikitishia, nikatazama kuku wakioga vumbi, na bado jua liko palepale. Jumamosi ndiyo iliyokuwa na watu.

Na watu wenyewe walikuwa wawili, tena wasiokaa pamoja. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuepukana: hawali pamoja, hawataniani uso kwa uso, na mkwe halali bomani kwa mama mkwe. Baba alikaa sebuleni. Dani alikaa nyuma ya pazia, amelisogeza kidogo tu, aone televisheni asimwone mkwewe. Katikati nilikuwa mimi, na sahani za samaki ngege wa kukaanga na ugali wa mtama, na maneno yao.

“Nyakwara,” Dani aliniita, yaani mjukuu wangu, “ambia baba yako Kipara yake leo atalia.”

Nilipiga hatua mbili, nikatoka. “Dani anasema Kipara yako leo atalia.”

Baba alijibu kwa adabu zote, macho tu yakicheka. “Ambia mama ashikilie huyo Nywele, isije ikawa ni wigi.”

Hatua mbili, nikarudi ndani. Niliringa, bwana. Niliona bila mimi watu wazima hawa hawajui hata kutaniana.

Kipindi kikiisha baba alichomoa betri, akanigusa kichwa, akaenda kulala kwa rafiki yake sokoni. Niliichukia sana ile kengele ya mwisho. Moyoni nilijua kilichomleta baba ni ugomvi wa wale wawili, na ugomvi huwa na mwisho.

Mwisho ukaja nikiwa darasa la saba. Walikuwa wamewekeana sharti, atakayeshindwa anaacha mieleka. Kipara akamlaza Nywele chali, refa akapiga sakafu mara tatu, na Nywele akabaki amekaa chini, ameshika kichwa. Kisha Kipara akampa mkono, akamwinua. Baada ya miaka yote ile, wakashikana mikono.

 Nyuma ya pazia Dani akasema kwa upole, “Nyakwara, ambia baba yako asiyekubali kushindwa si mshindani. Ameshinda. Imeisha.”

Nilitoka. Mkono wa baba ulikuwa tayari kwenye waya wa betri.

“Dani anasema hiyo ni hila,” nikasema. “Anasema hajakubali. Uje Jumamosi ingine.”

Baba alilitazama pazia. Akakohoa. “Ambia mama nitakuja.”

Na alikuja. Jumamosi ile, na nyingine baada yake, mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Tulitazama wapiganaji tusiowajua. Dani alichagua mmoja, baba akamchukua aliyebaki. Nami miaka mingi nimebeba uongo ule, kwa aibu na kwa majivuno kidogo, kwamba niliwahi kuwapiga chenga watu wazima wawili.

Sasa wote wawili wamezikwa, na hakuna anayenituma neno kwa mwingine. Nilikuwa nawaza hayo jirani alipoanza kunung’unika peke yake kule ndani, sauti ya chini kabisa, kwamba mchwa wamekula mguu wa kitanda. Nilisikia kila neno. Nilikuwa kwenye kiti cha baba, na pazia ni kitambaa tu.

Kwa hiyo baba alisikia “imeisha” kabla sijafika kwake. Na Dani alinisikia nikidanganya. Hakuna aliyenisahihisha.

“Nilidanganya,” nikasema, nusu ya kunong’ona, katika sebule tupu.

“Unasema nini, Mama?” jirani akaniuliza kutoka nyuma ya pazia.